Gloriosa yangu imekauka, na naambiwa ina sumu: niitunze au niing'oe?

Dada mmoja ameniandikia kwamba alipewa viazi vitatu vya gloriosa, akavipanda kwenye chungu kikubwa kando ya ukuta. Msimu wa kwanza vilichipua, vikapanda juu, vikatoa maua mekundu yenye kingo za njano, na kila aliyepita alisimama kuyatazama. Kisha majani yakaanza kuwa njano na shina likakauka. Akaongeza maji, akatia mbolea, miezi ikapita bila kitu kutoka. Sasa jirani amemwambia mmea huo ni sumu, naye ana mtoto anayejifunza kutembea na mbwa anayependa kufukua. Anauliza alikosea wapi, na kama kweli aendelee kuwa na mmea huu nyumbani.

Dada yangu, kule kukauka hakukuwa ugonjwa. Gloriosa ni mmea wa kudumu, lakini kinachodumu ni kiazi kilichomo udongoni. Shina, majani na maua ni vya msimu mmoja tu. Msimu ukifika mwisho, mbegu huwa zimekomaa na chakula kimeshushwa chini, hivyo sehemu ya juu hujifia yenyewe. Wewe uliona njano ukadhani ni kiu. Ila kiazi kilicholala hakinywi. Hakina majani ya kuyavuta maji wala mizizi iliyo kazini, kwa hiyo unyevu unabaki umekizunguka, ukungu unaingia, na kiazi kinaoza bila dalili yoyote ya juu. Nina hakika kubwa kwamba ndivyo ilivyokuwa chunguni mwako, na mbolea haikusaidia.

Hata hivyo usikitupe chungu kabla ya kuangalia. Vaa glavu za mpira, tandika nailoni chini, mimina udongo wote na upekue polepole. Utakuta pengine ganda jembamba lililonyauka, tupu ndani. Hilo lisikuvunje moyo, kwa sababu kiazi cha mwaka jana hunyauka kila mara: kikishalisha shina, mmea huunda kiazi kipya kando yake, na mara nyingi hicho kipya kiko chini zaidi ya pale ulipopanda. Endelea kutafuta. Kiazi kizima ni kigumu, ukikibana kwa vidole hakibonyei, na ngozi yake ni ya kahawia isiyokoza. Kilichooza ni laini na hutoa maji yenye harufu mbaya.

Ukipata kizima, kitazame vizuri kabla ya kufanya lolote, kwa sababu umbo lake lina mengi ya kukufundisha. Kiazi cha gloriosa ni chembamba, kinene kiasi cha kidole, na mara nyingi kina mikono miwili iliyopinda na kukutana pembeni kama herufi V. Pale kwenye kona ndipo lilipokuwa shina la zamani, na wakati mwingine utaona kovu au kipande cha shina kikavu bado kimeng'ang'ania. Macho, yaani sehemu za kuchipulia, hayako hapo. Yako kwenye ncha za mikono, jicho moja kwa kila ncha. Hapa ndipo wengi wanapopoteza mmea wao bila kujua. Kiazi cha mviringo ukikikata vipande, kila kipande chenye jicho kitachipua. Cha gloriosa kikivunjika ncha zake hakina pa kutokea tena. Kinaweza kukaa udongoni kikiwa kigumu na kizima kabisa, lakini hakitatoa shina. Kwa hiyo kishike katikati, usikirushe, usikipange ndooni pamoja na vingine vikagongana. Ukitaka kugawa, unaweza kuitenganisha mikono miwili pale kwenye kona, ila hakikisha kila mmoja umebaki na ncha yake salama, na uache kidonda kikauke siku chache kabla ya kupanda.

Ili uelewe ratiba yake, angalia inakotoka. Gloriosa superba, jina alilolipa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, huota yenyewe katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, Madagaska, India, Sri Lanka hadi Asia ya Kusini-Mashariki. Ni ua la taifa la Zimbabwe. Mwaka 1947, Elizabeth, kabla hajawa malkia wa Uingereza, alipozuru nchi hiyo wakati ikiitwa Rhodesia Kusini, alizawadiwa bruchi (pambo la kubanwa nguoni) ya almasi yenye umbo la ua hili. Lakini jambo linalonivutia zaidi kuhusu Zimbabwe ni mvua yake. Hunyesha hasa kati ya Novemba na Machi, kisha hufuata miezi mingi ya ukame. Mmea umejipanga kulingana na hali hiyo: unatoka mvua zikianza, unakimbilia kutoa maua na mbegu, halafu unazama chini kungoja. Popote utakapoupeleka, utaendelea kudai vipindi hivyo viwili, cha maji na cha ukavu. Ukiunyima kile cha pili, utaupoteza.

Udongo nao ufuate mantiki hiyo hiyo. Porini utaukuta vichakani, kwenye nyasi na pembezoni mwa misitu, na unafurahia sana mchanga. Huko Australia, ambako ulipelekwa kama ua la bustani, umetoroka na kuwa gugu baya kwenye matuta ya mchanga ya pwani. Kama unaweza kutamba kwenye mchanga wa pwani, basi haulilii udongo mnono. Unacholilia ni mahali ambapo maji hayatuami. Changanya udongo wa kawaida na mchanga wa chembe kubwa wa mtoni, ongeza mboji iliyoiva vizuri, na uepuke mfinyanzi. Samadi mbichi usiiguse. Chungu kiwe na matundu ya kutosha chini na kina kisichopungua sentimita 30, maana kiazi kipya kinahitaji nafasi ya kushuka. Kama udongo wa bustani yako ni mzito, inua tuta badala ya kuchimba shimo, kwa sababu shimo lililojazwa mchanga katikati ya mfinyanzi hugeuka kisima mvua ikinyesha.

Laza kiazi ubavu, usikisimamishe, ukifunike kwa sentimita 5 hadi 10 za udongo. Mwagilia mara moja kutuliza udongo, halafu jizuie. Hadi chipukizi litokeze, udongo uwe na unyevu kidogo tu. Joto ndilo linalokiamsha zaidi ya maji: kati ya nyuzi 20 na 25 za Selsiasi kinaanza kusukuma, na kwenye udongo baridi kinakaa tu, hapo ndipo hatari ya kuoza inaporudi. Chipukizi likishatoka huwa na kasi ya kushangaza. Sasa ndipo unapomwagilia kwa ukarimu, ukiacha tabaka la juu likauke kidogo kila mara, na kila wiki mbili hivi unaweza kutia mbolea yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni. Naitrojeni ikizidi utapata majani mengi na maua machache. Tangu kupanda hadi ua la kwanza ni kama miezi miwili hadi mitatu.

Weka kijiti au wavu wa kupandia siku ile ile unayopanda kiazi. Usingoje. Shina la gloriosa ni jepesi kuvunjika kuliko linavyoonekana, na likivunjika likiwa changa, mara nyingi msimu mzima umepotea, kwa kuwa kila ncha ina jicho moja tu. Haliwezi pia kujizungusha lenyewe kwenye mti mnene. Linapanda kwa majani: ncha ya kila jani hurefuka, huwa nyembamba kama uzi na kujikunja, na ikigusa kitu chembamba hukishika. Ndiyo maana vijiti vyembamba, nyuzi au matawi ya kichaka huifaa kuliko nguzo. Itafika mita 2, wakati mwingine zaidi. Kichwa kipate jua na miguu ipate kivuli. Matandazo ya nyasi kavu juu ya udongo yanatosha kwa hilo, mradi yasigande kwenye shina.

Ua lenyewe nakuomba ulitazame kwa karibu msimu ujao, mahali pasipofikiwa na mikono ya mtoto. Tumba huning'inia kichwa chini, rangi ya kijani. Linapofunguka, petali zake sita zenye kingo za mawimbi hujikunja kurudi nyuma na kupanda juu, kwanza zikiwa za kijani-njano, kisha za njano na nyekundu, na siku zikisonga nyekundu hutawala. Stameni sita, yaani vijiti vinavyobeba chavua, hutawanyika kwenda pembeni pande zote, na ule mrija unaopokea chavua hupinda ghafla pale unapoanzia, ukaelekea upande mmoja. Kila kitu kiko nje, mbali na nekta. Kipepeo anayekuja kunywa hupiga mabawa yake katikati ya stameni hizo, na chavua husafiri kwenye mabawa yake hadi ua jingine.

Mbegu sizipendekezi kwako. Zinalala kwa miezi mingi, zinaota kwa kusuasua, na mmea unaotokana nazo huchukua miaka miwili hadi minne kabla ya kuchanua. Kuna sababu nyingine pia ya kutoziacha zikomae, na hiyo inatuingiza kwenye swali lako la pili.

Jirani yako amesema kweli. Kila sehemu ya gloriosa ina sumu, nayo imejikusanya zaidi kwenye kiazi na kwenye mbegu. Sumu kuu inaitwa kolchisini, ile ile inayotengenezwa kuwa vidonge vya kutibu jongo, ugonjwa wa maumivu ya viungo. Katika jimbo la Tamil Nadu huko India, ambako gloriosa ni ua rasmi la jimbo, wakulima huilima mashambani kwa ajili ya kuvuna mbegu na kuziuzia viwanda vya dawa. Usije ukadhani basi kwamba ni mmea wa dawa wa kujitibia nyumbani. Kidonge cha kolchisini kina nusu miligramu tu au zaidi kidogo, na umbali kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni mfupi mno. Hakuna anayeweza kukisia kwa macho kipande cha kiazi kina kiasi gani. Mtu akikuletea ushauri wa kuchemsha gloriosa kwa ajili ya viungo au uzazi, mkatalie bila kuona haya. Kuchemsha hakuiondoi sumu, wala kukausha hakusaidii.

Namna inavyodhuru ni rahisi kuelewa, na ukiielewa utajua kwa nini nasisitiza haraka. Seli inapotaka kugawanyika huwa mbili, hutengeneza nyuzi ndogo sana za kuvuta kromosomu, vibeba urithi vya seli, kila upande. Kolchisini huzuia nyuzi hizo zisijengeke. Wazalishaji wa mimea wameitumia hali hiyo tangu miaka ya 1930 ili kupata mimea yenye kromosomu mara mbili, kwa kuwa seli hunakili kromosomu zake lakini hushindwa kuzigawa. Ndani ya mwili wa binadamu, wanaoumia kwanza ni seli zinazogawanyika kila siku: ngozi ya ndani ya utumbo, uboho unaotengeneza damu, na mashina ya nywele.

Ndiyo maana aliyemeza huanza na utumbo. Lakini haanzi mara moja, na huo ndio mtego wake. Saa kadhaa hupita, mara nyingi kati ya 2 na 12, mtu akiwa anaonekana mzima. Kisha mdomo na koo huwaka, hufuata kutapika, tumbo kusokota na kuhara sana, wakati mwingine kuhara damu, na maji mengi hupotea mwilini. Kuanzia siku ya pili au ya tatu ndipo hatari kubwa inapokuja: chembe za damu hushuka, figo huweza kushindwa kazi, na moyo na pumzi huyumba. Anayevuka hapo hupona taratibu, na wengi hupoteza nywele wiki moja hadi tatu baadaye kabla hazijaota tena.

Kwa hiyo ukimkuta mtoto na kipande cha kiazi, mbegu au hata jani mdomoni, usimchunguze kwanza kama anaumwa. Toa kilichomo mdomoni, futa na suuza, kisha mpeleke hospitali saa hiyo hiyo ukiwa umebeba sehemu ya mmea kwenye mfuko, na umtajie mhudumu majina haya mawili: Gloriosa superba na kolchisini. Usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa au dawa ya kienyeji ukitumaini vitaua sumu. Makaa maalumu ya hospitali hufaa zaidi yakitolewa mapema. Hakuna dawa iliyo tayari hospitalini ya kuifuta sumu hii ikishaenea, hivyo madaktari hutegemea kuusaidia mwili: maji ya mishipani, vipimo vya damu kila mara, na uangalizi wa karibu kwa siku kadhaa hata kama mgonjwa anasema amepata nafuu. Ukiambiwa alazwe, kubali.

Sasa tuzungumzie nyumba yako. Ajali nyingi za gloriosa ambazo si za kukusudia hutokana na kiazi kuonekana kama chakula. Sri Lanka imepoteza watu waliopika viazi vyake wakidhani ni viazi vikuu au vitamu. Ua lililo juu ya wavu linamvutia mtoto, hilo ni kweli, lakini mimi naogopa zaidi kiazi kilichochimbwa na kuwekwa juu ya meza, na ganda la mbegu lililopasuka likionyesha punje nyekundu za kung'aa. Kwa macho ya mtoto wa miaka miwili, punje hizo ni peremende. Kata kila ganda likiwa bado kijani, mara petali zinaponyauka. Utamkinga mtoto, na mmea nao utapeleka nguvu zake kwenye kiazi badala ya mbegu.

Mbwa ananitia wasiwasi kuliko hata mtoto, kwa sababu umesema anafukua. Mtoto utamfuata kwa macho. Mbwa atafukua usiku. Chungu kilicho chini hakifai kwa mbwa wa namna hiyo. Kipandishe mahali asipofika, au funika uso wa udongo kwa wavu wa waya uliobanwa kwenye ukingo, wenye matundu ya kupitisha shina. Ikiwa kuna mbuzi au ng'ombe wanaopita, usipande ardhini kabisa na usitupe mabaki mahali wanapolisha. Mnyama aliyekula hudhurika, na sumu hii hupita pia kwenye maziwa.

Kama ningekuwa na mtoto wa umri huo na mbwa wa tabia hiyo, na sina sehemu ya kufungwa kwa lango au kuinuliwa juu, ningewapa viazi vyangu mtu ninayemwamini, nikamweleza yote haya, na kuvidai tena mtoto akiwa na akili ya kuambiwa "usiguse" akaelewa. Huo si ushamba wala woga. Ila kama una kibaraza cha juu au bustani yenye uzio ambayo mtoto haingii peke yake, endelea nayo kwa moyo mmoja. Watu wengi wanaishi salama na gloriosa kwa sababu wanajua kilipo kiazi na nani anakigusa.

Ukiamua kuendelea, na ukikuta hata kiazi kimoja kigumu, usikipande leo. Kipangusie udongo bila kukiosha, kilaze kwenye boksi lenye mchanga mkavu au pumba za mbao, mahali pakavu pasiposhuka chini ya nyuzi 10. Andika kwenye boksi kwa herufi kubwa: SUMU, SI CHAKULA. Liwekwe juu, mbali na jiko na mbali na mbegu zako nyingine. Kichungulie mara moja kwa mwezi, na usikitoe mpaka uone jicho kwenye ncha limeanza kuvimba na kuonyesha kijani. Viazi vilivyooza vifungie kwenye mfuko wa takataka, visiende kwenye shimo la mboji ambalo mbwa analijua, na glavu zioshwe kabla ya kuvuliwa.